Kuibuka, Kuzuka na Kuchipuka: Dhana ya Uibukaji katika Taaluma Mbalimbali, kwa Mifano ya Mpemba na Tunduma

Kwa msemaji wa mwambao wa Afrika Mashariki, neno Mpemba ni jina la mtu: ni mwenyeji wa kisiwa cha Pemba, na wingi wake ni Wapemba. Kwa msafiri wa barabara kuu itokayo Mbeya kwenda Zambia, Mpemba ni mahali: ni kata mojawapo ya mji wa Tunduma, katika Mkoa wa Songwe, ambayo msafiri huifikia muda mfupi kabla ya mpaka. Asemaye "Mpemba amechangamka" amemtaja mtu, na asemaye "Mpemba pamechangamka" ameitaja kata. Neno lenyewe halikubadilika hata herufi moja. Wala haiwezi kusemwa kwamba maana yote imo katika kiambishi cha kitenzi, kwa kuwa a- peke yake yaweza kumhusu mtu ye yote au mnyama, na pa- peke yake yaweza kuhusu mahali po pote. Mtu wa kisiwani au kata ya mpakani hupatikana pale tu viungo hivyo viwili vinapokutana katika sentensi moja.

Jambo hilo dogo la sarufi ni mfano wa jambo kubwa ambalo limewashughulisha wataalamu wa taaluma nyingi kwa muda wa zaidi ya karne moja na nusu, nalo ni hili: vitu vikikutana na kuathiriana, huweza kutokea kitu kizima chenye sifa ambazo hazikuwamo katika kimojawapo cha vitu hivyo. Katika maandishi ya Kiswahili ya siku hizi dhana hiyo huitwa uibukaji. Makusudi ya makala haya ni kueleza jinsi dhana hiyo inavyotumiwa katika falsafa, elimu ya maumbile, elimu ya jamii na elimu ya lugha. Kisha kulipima neno lenyewe la Kiswahili, kuona linaeleza nini na linaficha nini. Mifano mingi imechukuliwa Mpemba, Tunduma na wilaya zilizo jirani, kwa sababu huko mambo yanayotajwa na taaluma hizo mbalimbali yaonekana kwa pamoja katika eneo dogo.

Jumla na kitu kizima

Tofauti iliyo msingi wa dhana hii imo katika methali mbili zinazojulikana sana. Haba na haba hujaza kibaba ni methali ya kujumlisha. Kila punje iingiayo kibabani huongeza uzito wake na nafasi yake, na kibaba kikijaa hakina sifa ambayo punje haikuwa nayo, illa wingi. Ajuaye uzito wa punje na idadi ya punje anajua uzito wa nafaka yote.

Kidole kimoja hakivunji chawa ni methali ya namna nyingine. Kidole kimoja hakina nusu ya uwezo wa kuvunja chawa, hata ikadhaniwa kwamba vidole viwili hujumlisha nusu mbili. Kidole kimoja hakiwezi kabisa. Uwezo hutokana na kukabiliana kwa vidole viwili, na vidole hivyo hivyo vikielekezwa upande mmoja, uwezo hutoweka ingawa idadi haikupungua. Kwa hiyo linalohitajika si wingi tu, bali ni namna ambavyo sehemu zinahusiana.

Katika falsafa ya Ulaya tofauti hii ilielezwa kwa utaratibu na John Stuart Mill katika kitabu chake cha mantiki cha mwaka 1843. Mill alionyesha kwamba sababu mbili zikiungana kwa njia ya umekanika, kama nguvu mbili zinazovuta mzigo mmoja, tokeo ni jumla ya matokeo ya kila moja. Lakini zikiungana kwa njia ya kemia, tokeo halifanani na matokeo ya sababu hizo zikiwa mbalimbali. Mwaka 1875 George Henry Lewes aliyapa mambo hayo mawili majina mawili, na kwa lile la pili alichagua neno la Kiingereza litokanalo na kitenzi cha Kilatini emergere, ambacho maana yake ya asili ni kutoka majini baada ya kuzama. Neno hilo ndilo lililoenea baadaye, hasa baada ya vitabu vya Samuel Alexander mwaka 1920, C. Lloyd Morgan mwaka 1923 na C. D. Broad mwaka 1925.

Uibukaji katika elimu ya maumbile

Mfano unaotajwa mara nyingi ni maji. Haidrojeni huwaka, na oksijeni huusaidia moto kuwaka. Lakini vikiungana hutoa kitu kinachozima moto. Wala utepetevu wa maji haumo katika molekuli moja. Molekuli moja ya maji si tepetevu wala si gumu, kwa maana utepetevu ni habari ya molekuli nyingi zinazoteleza moja juu ya nyingine.

Mfano mwingine uko katika Wilaya ya Mbozi, iliyo jirani na Tunduma. Huko kiko kimondo mashuhuri, pande la chuma lililotoka angani, ambalo uzito wake hukisiwa kuwa tani 16 hivi. Vimondo vya chuma huwa ni mchanganyiko wa chuma na nikeli, na vingi vya aina hiyo vikikatwa, vikasuguliwa hata vikang'aa, kisha vikapakwa tindikali, huonyesha michoro ya mistari inayokatana kama msuko wa jamvi. Michoro hiyo huitwa kwa jina la Alois von Widmanstätten, aliyeichunguza huko Vienna mwaka 1808. Hakuna atomu ya chuma wala ya nikeli iliyo na mchoro. Mchoro umefanyika kwa sababu chuma na nikeli, zikipoa polepole mno kwa muda wa mamilioni ya miaka, hujitenga katika tabaka zenye nikeli nyingi na tabaka zenye nikeli kidogo. Vitu hivyo hivyo vikiyeyushwa na kupozwa upesi katika tanuri havitoi mchoro huo. Hapa pana funzo la kukumbukwa: tokeo halikutegemea vijenzi peke yake, wala mpangilio wake peke yake, bali lilitegemea pia muda na njia iliyopitiwa.

Katika elimu ya viumbe mfano uliochunguzwa sana ni kichuguu. Nchi ya miombo ya kusini-magharibi ya Tanzania ina vichuguu virefu vya mchwa wanaolima kuvu ndani ya ardhi, na uyoga wao huchumwa na watu wakati wa mvua. Kichuguu kina vyumba, njia na mashimo ya kupitishia hewa, lakini hakina fundi mkuu. Malkia kazi yake ni kutaga mayai, wala hatoi amri za ujenzi. Mwaka 1959 mtaalamu wa Kifaransa, Pierre-Paul Grassé, baada ya kuwatazama mchwa wa Afrika, alitoa nadharia kwamba kinachomwongoza mfanyakazi ni kazi iliyokwisha kufanywa. Mchwa mmoja akiweka donge la udongo, donge hilo humvuta mwingine aweke la kwake hapo hapo; madonge yakizidi huwa nguzo, na nguzo mbili zikikaribiana hukutanishwa kwa tao. Wachunguzi wa baadaye wamerekebisha baadhi ya maelezo ya nadharia hiyo, lakini kiini chake kimebaki: ujenzi wenye mpango waweza kupatikana pasipo mwenye mpango.

Hata hivyo wataalamu wa maumbile hawakubaliani katika swali moja. Je, sifa iliyoibuka haiwezi kabisa kuelezwa kwa sheria za vijenzi, au haijaelezwa tu kwa kuwa maarifa bado ni machache? Broad alishika rai ya kwanza. Alisema kwamba hata malaika mwenye kujua kila kitu kuhusu muundo wa atomu asingeweza kujua harufu ya amonia ilivyo kabla hajainusa. Kuhusu harufu kama inavyohisiwa na mtu, hoja hiyo ingali inajadiliwa. Lakini kuhusu kemia yenyewe, wakati haukumsaidia. Mwaka 1927, miaka miwili tu baada ya kitabu chake, Walter Heitler na Fritz London walionyesha kwa njia ya fizikia mpya ya kwanta jinsi atomu mbili za haidrojeni zinavyoshikamana, na mambo mengi ya kemia yaliyodhaniwa kuwa hayaelezeki yakaanza kuelezeka.

Walakini dhana haikufa. Mwaka 1972 mtaalamu wa fizikia Philip W. Anderson aliandika kwamba kukubali kuwa vitu vyote vinatii sheria chache za msingi si kusema kwamba mtu aweza kuanza na sheria hizo na kuujenga upya ulimwengu. Kila daraja la ukubwa, kwa maoni yake, lina kanuni zake ambazo hapana budi zichunguzwe katika daraja hilo hilo. Kutokana na mijadala kama hiyo, wanafalsafa wa siku hizi hutofautisha uibukaji dhaifu na uibukaji wa nguvu. Dhaifu ni ule ambao tokeo latoka katika vijenzi na kanuni zao, lakini halijulikani ila kwa kufuata hatua zote moja moja. Wa nguvu ni ule ambao tokeo linasemekana kuwa na uwezo mpya kabisa usiotoka katika kanuni za vijenzi. Mifano ya kimondo na kichuguu ni ya namna ya kwanza. Katika namna ya pili jambo linalotetewa sana hata leo ni fahamu ya mwanadamu, na katika hilo hakuna mapatano.

Uibukaji katika elimu ya jamii

Katika elimu ya jamii wazo hili lina umri mkubwa kuliko jina lake. Mwaka 1767 Adam Ferguson wa Scotland alieleza kwamba mataifa huangukia taratibu ambazo ni matokeo ya vitendo vya watu, lakini si matokeo ya nia ya mtu ye yote. Emile Durkheim, aliyeweka kanuni za elimu hii mwaka 1895, alitumia baadaye mfano wa shaba nyeusi: ugumu wake haumo katika shaba wala katika bati lililochanganywa nayo, kwa kuwa zote mbili ni laini, umo katika muungano wao. Kadhalika, alisema, mambo ya jamii hayamo katika nafsi ya mtu mmoja mmoja. Naye Friedrich Hayek, mwaka 1945, alieleza kwamba bei ya sokoni hukusanya maarifa ambayo hakuna mtu mmoja anayeyajua yote.

Tunduma ni mahali pafaapo kupimia maneno hayo. Katika sensa ya mwaka 2012 mji huo ulikuwa na watu zaidi ya 97,000. Katika sensa ya mwaka 2022 walikuwa wamepita 200,000. Ukubwa huo haukuagizwa na mtu. Hakuna hati iliyosema kwamba juu ya uwanda huu, mbali na bahari na mbali na miji mikuu ya nchi zote mbili, pajengwe mji mkubwa wa biashara. Lakini si kweli vile vile kwamba mji umetokea pasipo sababu, na sababu zake zaweza kuhesabiwa.

Ya kwanza ni mpaka wenyewe. Mwaka 1890 serikali za Uingereza na Ujerumani zilipatana juu ya mpaka kati ya Ziwa Nyasa na Ziwa Tanganyika, na mwaka 1898 tume ya nchi hizo mbili ilikwenda kuupima na kuuwekea alama. Wanyamwanga, ambao nchi yao ilikatwa na mstari huo, wakawa huku na huku, nao wako hivyo hadi leo. Ya pili ni njia. Tarehe 11 Novemba 1965 serikali ya walowezi wa Rhodesia ya Kusini ilijitangazia uhuru, na Zambia, iliyokuwa ikitegemea njia za kusini, ikalazimika kutafuta njia ya kaskazini kwenda baharini. Magari ya mizigo yakajaa katika barabara ya Dar es Salaam. Bomba la mafuta likaanza kazi mwaka 1968. Reli ya TAZARA, yenye urefu wa kilometa 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, ikajengwa tangu mwaka 1970 hata ikakabidhiwa mwaka 1976. Tena katika miaka ya karibuni barabara ya lami ya kilometa 50 hivi imejengwa kutoka Mpemba hadi Isongole, wilayani Ileje, kwenye mpaka wa Malawi. Kwa sababu hiyo Mpemba imekuwa njia panda ya nchi tatu.

Ya tatu, na yumkini ndiyo kubwa, ni kungoja. Gari lenye mzigo halivuki mpaka mpaka hati zake zikaguliwe. Dereva na utingo wake, wakingoja, wanahitaji chakula, maji ya kuoga na mahali pa kulala. Mama lishe anayewapikia anahitaji mkaa, mchele na maharage. Mwenye kuleta mchele anahitaji ghala. Mwenye ghala anahitaji mlinzi. Mlinzi anahitaji chumba cha kupanga. Na mwenye kujenga vyumba anahitaji matofali, mabati na mafundi. Kwa kuwa upande huu fedha ni shilingi na upande wa Nakonde ni kwacha, pana haja ya wabadilishaji fedha. Kila mbadilishaji anajua tu wateja waliomjia na bei aliyoisikia kwa jirani yake; walakini ikifika mchana, bei ya kwacha huwa karibu sawa kila mahali, na hakuna aliyeitangaza. Hapa pana kufanana na kichuguu, kwa maana donge lililowekwa na mmoja limemvuta mwingine.

Mji ukisha kuwapo, nao huwarudia waliouumba na kuwatawala. Kodi ya vyumba hupanda, na yule mama lishe aliyeanza kando ya barabara hulazimika kuhamia pembeni, pengine kuelekea Mpemba ambako nafasi bado ipo. Kijana aliyekuja kwa safari ya siku tatu hukaa miaka kumi. Mwaka 1974 Donald Campbell aliliita jambo la namna hii usababishi wa kutoka juu kwenda chini: kitu kizima, ambacho kimetokana na sehemu, huanza kuziwekea sehemu masharti. Si uchawi, kwa kuwa hakuna nguvu ya mji iliyo nje ya watu; ni watu wale wale, wakifungwa na mahusiano waliyoyafanya wenyewe pasipo kuyakusudia.

Uibukaji katika elimu ya lugha

Kwa msomaji wa Kiswahili mfano ulio karibu zaidi ni lugha yenyewe. Madereva wa magari makubwa wanayo maneno mawili, digadi na madigadi, kwa kile kibao kizuiacho matope nyuma ya gurudumu. Asili yake ni neno moja la Kiingereza, mudguard, ambalo katika Kiingereza ni umoja. Msemaji wa Kiswahili alilisikia kama madigadi, na kwa kuwa katika lugha yake ma- mwanzoni mwa neno ni dalili ya wingi, kama katika magurudumu na madirisha, palipatikana umoja ambao haukuwako Uingereza wala mahali pengine. Vivyo hivyo kitabu, neno la Kiarabu ambalo ki- yake ni sehemu ya mzizi, kilipata wingi wa vitabu. Na kipilefti, yaani mzunguko wa barabara, kilichotokana na maneno mawili ya Kiingereza ya kuamuru dereva ashike kushoto, kikapata vipilefti.

Hakuna kamati iliyokutana kuamua hayo. Kila msemaji alifanya tendo dogo tu la kulinganisha neno geni na maneno aliyokuwa nayo. Lakini matendo hayo madogo, yakirudiwa na watu wengi wanaotaka kuelewana, yametoa tokeo lenye utaratibu mkali, hata leo asemaye "madigadi mbili" husahihishwa na mtoto. Hii ndiyo sababu wachunguzi wengine wa lugha, akiwamo Paul Hopper katika makala yake ya mwaka 1987, wameiona sarufi yenyewe kuwa ni jambo linaloibuka daima katika mazungumzo, si sheria iliyotangulia mazungumzo.

Rai hiyo inagusa jambo lenye uzito katika sehemu za mpakani. Mpemba na Tunduma ni mahali penye lugha nyingi: Kinyamwanga, Kinyiha, Kiwanda, Kindali, na Kibemba kutoka ng'ambo, pamoja na Kiingereza cha hati za forodha. Kiswahili ndicho kinachowakutanisha, na wengi wanaokitumia hawakukipata kwa mama zao. Mtu aliyezoea kipimo cha Kiswahili Sanifu, ambacho kilijengwa juu ya Kiunguja baada ya mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 na kusimamiwa na Kamati ya Lugha tangu mwaka 1930, huweza kuyasikia mazungumzo hayo na kuyahesabu kuwa ni makosa tu. Lakini kosa na kanuni havitofautishwi kwa kutazama vinafanana au havifanani na kipimo cha nje. Kosa ni la mtu mmoja, hutokea na kupita. Jambo linalorudiwa na watu wengi, linalotabirika, na ambalo mgeni akilikosa husahihishwa, hilo ni kanuni, hata kama haijaandikwa. Digadi lilianza kwa kusikia vibaya. Lau wachunguzi wa zamani wangalifuta kila kilichoanza hivyo, pasingalikuwa na wingi wa kitabu.

Wala haifai kwenda upande wa pili na kusema kwamba lugha hujiendea yenyewe tu, na kwamba kazi ya mabaraza na kamusi ni bure. Neno ng'atuka lilichukuliwa katika Kizanaki na kuenezwa na Mwalimu Julius Nyerere alipoacha urais mwaka 1985. Mwenye kulileta ajulikana, na mwaka wajulikana. Lakini lilidumu kwa kuwa wasemaji walilipokea, wakalinyambua, wakalitumia hata kwa viongozi wa vyama vidogo vya vijijini. Neno lililoamriwa, na neno lililojitokeza barabarani, yote mawili hupita katika mlango mmoja wa matumizi. Tofauti yao ni mwanzo, si hatima.

Kulipima neno

Baada ya maelezo hayo yafaa kurudi kwenye istilahi yenyewe. Kiswahili kina vitenzi kadhaa ambavyo vingeweza kubeba dhana hii, na kila kimoja huja na nadharia yake.

Kuibuka ni kutokea juu ya maji. Mpiga mbizi huibuka, na kiboko huibuka. Kwa asili yake neno hili limelingana ajabu na kile kitenzi cha Kilatini, na pengine ndiyo sababu watafsiri wamelipenda. Lakini kiibukacho kilikuwapo chini tangu awali, kikiwa kamili, ila hakikuonekana. Mpiga mbizi hakuumbwa na maji. Atumiaye neno hili pasipo hadhari huweza kumfanya msomaji adhani kwamba mji wa Tunduma ulikuwa umefichika ndani ya vichaka vya mpakani ukingoja siku yake, au kwamba mchoro wa kimondo ulikuwamo katika atomu.

Kuzuka ni kutokea kwa ghafula pasipo kutazamiwa. Neno hili lina fadhila ya kukiri upya wa jambo. Lakini ukoo wake una uzushi na mzushi, na mzuka wa usiku. Kwa hiyo huelekea kusema kwamba jambo halina asili, au asili yake haifai kuulizwa. Ni neno la kukatisha swali.

Kuchipuka ni neno la mimea. Lina muda ndani yake, na lina ukuaji. Walakini chipukizi hufuata mbegu, na mbegu ya mahindi haitoi mtama. Asemaye kwamba mji umechipuka amedai kwamba umbo lake lilikuwa limeamuliwa mwanzoni, jambo ambalo Tunduma yakanusha: lau serikali ya walowezi isingalijitangazia uhuru mwaka 1965, mbegu hiyo ingalitoa mti mwingine.

Liko na neno la nne, la jikoni, ambalo wanafalsafa hawakulifikiria, nalo ni kuumuka. Unga hauumuki peke yake, wala maji, wala hamira. Vikikandwa pamoja na kupewa muda, donge hupanda na kuwa na ulaini na matundu ambayo hayakuwa katika kimojawapo. Kwa maana, neno hili limeikaribia dhana kuliko yote, kwa sababu lina vijenzi, lina kuathiriana, lina muda, na lina tokeo jipya. Lakini limefungwa mno na habari ya kuvimba, na itakuwa vigumu kusema kwamba maana ya sentensi imeumuka.

Kwa hiyo neno uibukaji, ambalo limekwisha kuzoeleka, halina haja ya kuondolewa. Linahitaji kusaidiwa. Kiswahili kina njia nyepesi ya kulisaidia, nayo ni kutoliacha kitenzi peke yake. Sentensi "mji uliibuka" haikueleza kitu. Sentensi "mji uliibuka kutokana na mpaka, njia na kungoja, kwa kuwa kila aliyekuja kuuza alimvuta mwingine" imeeleza. Ya kwanza imelipa jambo jina, na ya pili imelitafutia sababu. Katika taaluma zote zilizotajwa hapa, ugomvi mwingi juu ya dhana hii umetoka kwa watu walioridhika na jina.

Yako madhara pia yasiyo ya kitaaluma. Mji unaposemwa kuwa umezuka wenyewe, walioweka mpaka, waliofunga njia na wanaoamua urefu wa kungoja hutoweka katika habari, na lawama ya msongamano, ya uchafu na ya vyumba vibovu hubaki kwa mama lishe na mwenye toroli, ambao kila mmoja wao ameweka donge moja tu. Kinyume chake, anayeamini kwamba kila utaratibu una mtu aliyeuagiza huenda akatoa amri moja ya kuupanga mji na kushangaa amri hiyo isipofuatwa. Mwaka 2019 Tunduma na Nakonde zilifunguliwa rasmi kituo cha pamoja cha huduma za mpakani, ambacho makusudi yake ni kupunguza muda wa kungoja. Kwa kadiri makusudi hayo yatakavyotimia, mojawapo ya sababu tatu zilizoujenga mji itakuwa imebadilika, na mji nao utabadilika kwa njia ambazo hazikuandikwa katika hati za kituo. Mwenye kutaka kujua utakuwaje hatapata jibu kwa kuwauliza waliokijenga kituo peke yao, wala kwa kumwuliza mfanya biashara mmoja wa Mpemba. Itampasa kufuata jinsi watu hao wanavyohusiana.

Basi kila mtaalamu atumiaye neno uibukaji, awe wa fizikia, wa jamii au wa lugha, yampasa kuwa tayari kujibu maswali matatu: kimeibuka kutokana na nini, kwa njia gani na kwa muda gani, na kikisha kuibuka kinawafanya nini wale waliokitoa. Akijibu yote matatu, neno litakuwa limefanya kazi yake. Akishindwa kujibu hata moja, ingekuwa heri aseme wazi kwamba jambo limetokea na sababu yake haijajulikana, kwa kuwa kauli hiyo huliacha swali wazi kwa mchunguzi atakayefuata.